Kompyuta Yaijuaje Anwani Yake?

Katika baadhi ya shule zetu za sekondari zilizobahatika kupata chumba cha kompyuta, umeanza kuonekana utaratibu mmoja wenye manufaa makubwa. Badala ya kila mwanafunzi kununua bando ili apate kusoma, kompyuta moja huwekewa vitabu, kamusi, masomo ya video na mitihani ya miaka iliyopita, nayo ikazihudumia kompyuta nyingine zote za chumba hicho kwa njia ya mtandao wa ndani. Kompyuta inayohudumia namna hiyo huitwa seva. Haihitaji intaneti wala haimgharimu mwanafunzi hata senti moja. Inachohitaji ni kitu kidogo tu, yaani wale wanaoitaka huduma yake waijue anwani yake. Kitu hicho kidogo ndicho kinachowashinda wengi.

Tuchukue mfano wa kubuni wa shule moja iliyopo Turiani, chini ya milima ya Nguru, jirani na mashamba ya miwa ya Mtibwa. Mwalimu wa kompyuta ameandaa seva yake, na sasa anataka kuandika programu ndogo ambayo, kila seva inapowashwa, itatafuta anwani ya seva hiyo na kuionyesha kwenye kioo, ili wanafunzi ishirini wainakili na kuanza kusoma. Kipindi kimoja ni dakika 40, na hana muda wa kupekuapekua. Anafuata maelezo ya kitabu, na kwa lugha ya Python anaandika mistari mitatu:

import socket
jina = socket.gethostname()
print(socket.gethostbyname(jina))

Mstari wa pili unaiuliza kompyuta jina lake. Mstari wa tatu unauliza jina hilo lina anwani gani, kisha unaiandika. Hakuna kosa lolote la sarufi ya Python hapo. Mwalimu anaiendesha programu, na kioo kinaonyesha 127.0.1.1. Wanafunzi wanaandika namba hiyo kwenye kompyuta zao, wanasubiri, na hakuna hata mmoja anayepata kitabu. Dakika kumi zimekwisha.

Ili kuelewa kilichotokea, hapana budi kwanza tujue anwani yenyewe ni kitu gani na ni mali ya nani.

Anwani ya IP, kwa kadiri ya itifaki iliyochapishwa Septemba 1981 na ambayo ingali ikitumika kwa sehemu kubwa ya mawasiliano ya dunia, ni namba ya biti 32. Kwa ajili ya macho ya binadamu biti hizo hugawanywa katika mafungu manne ya biti nane nane, na kila fungu likaandikwa kama namba ya kawaida kuanzia 0 hadi 255, kwa mfano 192.168.1.20. Sehemu ya mwanzo ya namba hiyo hutaja mtandao, na sehemu ya mwisho hutaja mwenyeji fulani ndani ya mtandao huo. Katika mitandao midogo kama ya shule, aghalabu mafungu matatu ya kwanza ni ya mtandao na fungu la mwisho ni la mwenyeji. Hivyo kompyuta zote za chumba kimoja huanza na 192.168.1, na kutofautiana mwishoni.

Hadi hapo jambo ni rahisi. Ugumu unaanza tunaposema “anwani ya kompyuta”, kwa kuwa kompyuta haina anwani. Kinachopewa anwani ni kiungo kinachoiunganisha kompyuta na mtandao fulani, yaani kadi ya mtandao. Seva ya mwalimu wetu ina kadi ya waya iliyochomekwa kwenye swichi ya chumba, nayo imepewa 192.168.1.20. Ina pia kadi ya waifai ambayo mwalimu huiunganisha na simu yake anapotaka kupakua kitabu kipya, nayo simu imeipa anwani nyingine kabisa, tuseme 192.168.43.57. Ikiwa ndani yake imewekwa programu ya kuigiza kompyuta nyingine, programu hiyo nayo huzua kadi za kufikirika, na kila moja huwa na anwani yake. Na juu ya hizo zote ipo anwani ambayo kila kompyuta duniani inayo, 127.0.0.1, ambayo nitaieleza sasa hivi. Mashine moja, anwani nne au tano, na zote ni za kweli.

Wala jambo hili lisitushangaze sisi. Mwalimu wa kike wa Turiani, shuleni ni Mwalimu. Akifika nyumbani, majirani humwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Fulani. Kwa watoto wa kaka yake yeye ni shangazi, na kwa mke wa kaka yake ni wifi (na hapa sisemi juu ya mawimbi ya redio). Mgeni akiuliza, “Mama yule aitwaje?” hatapata jibu moja mpaka aseme ni nani anayetaka kumwita. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta. Swali “anwani yangu ni ipi?” ni pungufu. Swali kamili ni “anwani yangu ni ipi kwa yule ninayetaka kuzungumza naye?” Programu nyingi zenye kasoro katika jambo hili zimeandikwa na watu waliouliza swali pungufu wakapata jibu sahihi la swali wasilolikusudia.

Sasa turudi kwenye 127.0.1.1. Itifaki ya IP imetenga anwani zote zinazoanza na 127, ambazo ni zaidi ya milioni 16, kwa ajili ya kompyuta kujisemesha yenyewe. Ujumbe unaotumwa kwenye anwani ya aina hiyo haufiki kwenye waya hata kidogo. Huzunguka ndani ya mashine kama kitanzi na kurudi ulikotoka. Faida yake ni kubwa, kwa sababu programu mbili zilizo katika mashine moja huweza kuzungumza kana kwamba ziko mbali, hata mtandao ukiwa haupo. Lakini ni anwani isiyo na maana kwa mtu wa nje. Kila mwanafunzi aliyeandika 127.0.1.1 aliiambia kompyuta yake mwenyewe ijitafute, nayo ikajitafuta na haikuona kitabu.

Kwa nini basi seva ilitoa jibu hilo? Kwa sababu iliulizwa anwani ya jina, haikuulizwa anwani ya kadi. Mifumo ya Debian na Ubuntu, ambayo hupendwa shuleni kwa kuwa hailipiwi, huwa na faili moja dogo linalooanisha majina na anwani, na wakati wa kuusimika mfumo huandikwa humo kwamba jina la mashine hii ni 127.0.1.1. Waliobuni utaratibu huo walikuwa na sababu njema. Walitaka kila kompyuta iweze kupata anwani ya jina lake hata kama haijaunganishwa popote. Katika mfumo wa Windows jibu huwa tofauti, lakini si lazima liwe bora. Kompyuta yenye kadi kadhaa hurudisha orodha, na mistari yetu mitatu huchukua ile ya kwanza tu, ambayo huenda ikawa ni ya kadi ya kufikirika. Njia hii ya kuuliza kwa jina imo katika vitabu vingi vya mafunzo, na kwa maoni yangu ingefaa iondolewe humo, au walau iwekewe onyo. Hufaulu kwenye mashine ya mwandishi wa kitabu na kushindwa kwenye ya msomaji.

Njia ya pili ni kuziorodhesha kadi zote pamoja na anwani zake. Hii ni njia ya kweli, na kila mfumo una amri yake ya kufanya hivyo. Mwalimu akitaka kutazama kwa macho yake, inamtosha. Lakini programu haina macho. Ikipewa anwani tano, itachaguaje? Wengine huandika kanuni za kubahatisha: zitupwe zinazoanza na 127, zitupwe pia zinazoanza na 169.254, kisha ichukuliwe ya kwanza iliyobaki. (Hizo za 169.254, kwa njia, ni anwani ambazo kompyuta hujipa yenyewe pale inapoomba anwani na isijibiwe. Ukiziona, kagua waya na ruta kabla ya kulaumu programu.) Kubahatisha huko kutatupa 192.168.1.20 au 192.168.43.57, na hatuwezi kusema kabla ni ipi.

Hapa yafaa tufikiri juu ya barabara. Kutoka Turiani, msafiri wa Morogoro au Dodoma hushuka kusini hadi Magole, ambako hukutana na barabara kuu. Anayekwenda Handeni hupanda kaskazini kwa njia ya Mziha. Msafiri akisimama stendi na kusema tu kwamba anasafiri, hakuna awezaye kumwambia atatokea upande gani. Akitaja aendako, jibu ni moja. Kompyuta nayo ina orodha ya aina hiyo, iitwayo jedwali la njia, ambayo husema: ujumbe wa kwenda mtandao huu utoke kwa kadi hii, wa kwenda mtandao ule utoke kwa kadi ile, na wa kwenda kwingineko kote upitie kwa ruta fulani. Mara njia inapochaguliwa, anwani ya mtumaji nayo imekwisha chaguliwa, kwa maana itakuwa ni anwani ya kadi ambayo ujumbe unatokea.

Basi badala ya programu kubahatisha, na iutajie mfumo mahali inapotaka kwenda, kisha iuulize mfumo umechagua anwani gani:

import socket
s = socket.socket(socket.AF_INET, socket.SOCK_DGRAM)
s.connect(("192.0.2.1", 9))
print(s.getsockname()[0])
s.close()

Mwanafunzi makini ataona mambo mawili ya kutilia shaka. La kwanza ni hiyo 192.0.2.1, kwamba ni ya nani. Si ya mtu yeyote. Imo katika fungu la anwani 256 lililotengwa kwa ajili ya mifano ya vitabuni, wala haina mwenyeji. La pili linafuata hapohapo: tutaungana vipi na mahali pasipokuwapo?

Siri iko katika mstari wa pili. Itifaki za intaneti zina namna mbili kuu za kutuma. Katika namna ya kwanza, mtumaji hupiga hodi na kungoja aambiwe karibu kabla hajasema lolote, na asipojibiwa hukata tamaa. Katika namna ya pili hakuna hodi. Mtumaji huandika bahasha na kuitupa njiani, ifike isifike. Neno SOCK_DGRAM limechagua namna hii ya pili. Na kwa kuwa hakuna hodi, mstari wa tatu, ingawa unasema “ungana”, hautumi chochote kwenye waya. Unachofanya ni kuuambia mfumo kuwa bahasha zitakazoandikwa baadaye zitakwenda 192.0.2.1. Mfumo hutazama jedwali la njia, huchagua kadi, na kuandika anwani ya kadi hiyo mahali pa mtumaji. Mstari wa nne unaisoma anwani hiyo juu ya bahasha ambayo bado haijatumwa, na mstari wa tano unaichana bahasha. Namba 9 ni namba ya mlango wa upande wa pili. Katika kazi hii ingeweza kuwa nyingine yoyote, mradi isiwe sifuri.

Nakiri kwamba napendezwa na ujanja huu, kwa kuwa hauuongezei mfumo kazi yoyote mpya. Unauacha ufanye uchaguzi ambao ungeufanya kwa vyovyote, kisha unauchungulia.

Hata hivyo ujanja huu una sharti, na ni sharti ambalo waandishi wa ng'ambo hulisahau kwa kuwa wao wamezungukwa na intaneti saa zote. Ili mfumo uchague njia ya kwenda 192.0.2.1, hapana budi iwepo njia ya kwenda “kwingineko kote”. Chumba cha kompyuta ambacho kina swichi tu, bila ruta inayotoka nje, hakina njia hiyo. Hapo mstari wa tatu utakataliwa, na mfumo utasema kuwa mtandao haufikiki. Baya zaidi, ikiwa mwalimu ameiunganisha seva na simu yake wakati huo, njia ya kwenda kwingineko kote itapitia kwenye simu, na programu itaandika 192.168.43.57. Jibu hilo ni la kweli kwa mtu wa nje, lakini wanafunzi wako kwenye waya. Dawa ni ileile ya msafiri wa stendi: taja uendako kwa hakika. Ikiwa unaowalenga ni wanafunzi wa chumba hicho, weka anwani ya mmojawapo mahali pa 192.0.2.1, kwa mfano 192.168.1.31. Kompyuta hiyo inaweza hata kuwa imezimwa. Jedwali la njia halijali.

Ipo njia nyingine ambayo mwanafunzi mdadisi ataikuta haraka, nayo ni kuuliza tovuti fulani ya nje, “Unaniona nikitokea anwani gani?” Tovuti za namna hii ni nyingi, na hujibu kwa ukweli. Lakini jibu lao litakuwa ni namba ya tatu, ambayo haimo kwenye kadi yoyote ya seva yetu. Kuelewa kwa nini, tufikirie posta.

Nchini mwetu barua kwa desturi hazipelekwi mlangoni. Shule ina sanduku moja la posta, na wanafunzi mia kadhaa hulitumia. Mwanafunzi anapoandika barua, juu yake huweka S.L.P. ya shule, Turiani. Jibu linaporudi hufikia kwenye sanduku hilo, na karani wa shule, akisoma jina, huipeleka barua bwenini inakohusika. Mtu aliyeko Mwanza hajui wala hahitaji kujua mwanafunzi analala bweni gani. Ruta ya shule ndiyo karani huyo. Kompyuta za ndani zina anwani za bweni, kama 192.168.1.20, ambazo hazina maana nje ya uzio. Ujumbe unapotoka, ruta huifuta anwani ya ndani, huandika ya sanduku, na kuweka kumbukumbu ili jibu likirudi ijue ni la nani.

Utaratibu huu haukuwapo tangu mwanzo. Biti 32 hutoa anwani 4,294,967,296 tu, ambazo mwaka 1981 zilionekana kuwa ni hazina isiyomalizika na leo ni pungufu ya idadi ya watu duniani, ambao wamepita bilioni nane. Mwaka 1996 yalitengwa rasmi mafungu matatu ambayo kila mtu anaruhusiwa kuyatumia ndani ya uzio wake bila kuomba ruhusa: yale yanayoanza na 10, yale ya 172.16 hadi 172.31, na yale ya 192.168. Kwa hiyo anwani 192.168.1.20 iko Turiani, iko Kilosa, iko pia Muscat na Toronto, wala hazigombani. Februari 2011 hifadhi kuu ya dunia iligawa mafungu yake matano ya mwisho kwa mashirika matano ya kanda, moja likaenda kwa AFRINIC, shirika la Afrika lenye makao yake Morisi. Tangu hapo kampuni za simu katika nchi nyingi hufanya ukarani juu ya ukarani, zikiwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani, na mwaka 2012 lilitengwa fungu la nne, kuanzia 100.64 hadi 100.127, kwa ajili ya kazi hiyo.

Kwa hiyo namba ambayo tovuti ya nje humwonyesha mwalimu wetu yaweza kuwa ni ya kampuni ya simu, ikitumiwa na watu wasiofahamiana hata kidogo. Akiiandika ubaoni, haitamfikisha mwanafunzi yeyote kwenye seva. Jambo hili lina uzito nje ya darasa pia. Mtu mmoja miongoni mwao akifanya uovu mtandaoni, anwani itakayoonekana ni ya wote, na huenda shule nzima ikafungiwa tovuti kwa kosa la mtu wasiyemjua. Mwaka 2018 Kanuni za Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta kuhusu maudhui ya mtandaoni ziliwataka wenye vibanda vya intaneti Tanzania wahakikishe kwamba kila kompyuta inayotumiwa na wateja ina anwani ya hadharani isiyobadilika. Kanuni hizo zilifuatwa na nyingine mwaka 2020. Nia yake yaeleweka, kwa kuwa alitafutwa mtu ambaye anwani ingemwonyesha. Lakini kwa upande wa ufundi lilikuwa ni takwa zito, miaka saba baada ya hifadhi kuu kwisha, na kwa mwenye kibanda cha kompyuta sita ni sawa na kutakiwa alipie masanduku sita ya posta kwa nyumba moja. Anayetunga kanuni juu ya anwani yafaa aketi kwanza na mtu aliyewahi kuandika ile mistari mitano.

Turudi chumbani. Nimesema programu itaje iendako. Lakini kwa seva ipo njia iliyo bora kuliko zote, nayo ni kutouliza kabla ya wakati. Seva inapoanza kusikiliza, huambiwa isikilize kwenye anwani ipi. Ikiambiwa 127.0.0.1, itawasikia walio ndani ya mashine yake tu, na vifaa vingi vya kujifunzia utengenezaji wa tovuti huanza hivyo kwa usalama. Ndiyo maana mwanafunzi huweza kuipata anwani iliyo sahihi kabisa na bado akakataliwa. Ikiambiwa 0.0.0.0, maana yake ni “kadi zote”, na itamsikia kila anayefika, kwa waya au kwa waifai. Kisha mgeni anapoingia, seva yaweza kuuuliza muunganisho wenyewe, kwa getsockname ileile, mgeni huyo amefikia anwani ipi. Jibu la hapo halikosei kamwe, kwa sababu ndiyo anwani ambayo mgeni mwenyewe aliiandika, isipokuwa pale penye karani katikati.

Lakini 0.0.0.0 isiandikwe kwa mazoea. Ikiwa seva ina vitabu tu, hakuna hasara jirani akisoma. Ikiwa ina alama za wanafunzi, au taarifa za karo na za afya zao, basi kila kadi inayofunguliwa ni mlango, pamoja na ile ya waifai ambayo mwalimu aliiwasha asubuhi na kuisahau. Hapo seva iambiwe isikilize 192.168.1.20 peke yake.

Limebaki tatizo la umeme. Anwani za ndani kwa kawaida hugawiwa na ruta kwa muda maalumu, kama chumba cha nyumba ya wageni. Umeme ukikatika na kurudi, ruta isiyotunza kumbukumbu huanza kugawa upya, na seva iliyokuwa 192.168.1.20 asubuhi yaweza kuwa 192.168.1.34 jioni. Ndiyo sababu programu ya mwalimu iendeshwe kila seva inapowashwa, na anwani isibandikwe ukutani kwa karatasi. Au, afadhali zaidi, mwalimu aingie kwenye mipangilio ya ruta na kuihifadhia seva anwani moja kwa kutumia namba ya biti 48 ambayo kiwanda huipa kila kadi. Akishafanya hivyo, karatasi ya ukutani itafaa.

Juu ya itifaki mpya, iliyobuniwa miaka ya 1990 na yenye anwani za biti 128, nitasema machache. Idadi ya anwani zake ni namba yenye tarakimu 39, hivyo kila kompyuta ya Turiani yaweza kuwa na anwani ya hadharani bila karani. Lakini asidhani mtu kwamba swali letu litakwisha. Katika itifaki hiyo kadi moja tu kwa kawaida hubeba anwani kadhaa kwa wakati mmoja, ikiwemo ile ianzayo na fe80, ambayo hutumika kwenye waya huohuo tu. Nyingine hubadilishwa kila baada ya muda ili mtumiaji asifuatiliwe. Ile mistari mitano hufanya kazi humo pia, mradi AF_INET ibadilishwe iwe AF_INET6 na anwani ya mfano iwe 2001:db8::1.

Mwanafunzi mwenye kompyuta na simu aweza kuyahakikisha mengi ya haya kwa nusu saa. Aendeshe programu ya kwanza, kisha ya pili, akiwa ameungana na waya wa shule, na aandike majibu yote mawili. Achomoe waya, aungane na simu, aziendeshe tena. Kisha azime waifai, asiwe na mtandao wowote, aziendeshe mara ya tatu, na aangalie ni ipi inayokataa na ipi inayoendelea kujibu kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwishoni achomeke waya tena, aandike python3 -m http.server 8000 katika folda isiyo na siri, na amwombe mwenzake aliye kwenye waya uleule ajaribu kuifungua kwa kila anwani aliyoiandika, akimalizia na :8000.